Supu Mpaka Ulewe, Uzae au Uugue

Mfyuu! Sogeeni hapo kwenye benchi nikae, maana hoja hii haitaki mtu aliyesimama. Nyie watu wa Arusha mna dhambi. Julai hii, wingu limeukalia Meru tangu juzi, jua tunalisikia kwenye simu kwa ndugu zetu wa Dar, halafu ukichungulia majumbani saa mbili usiku unakuta nini? Ugali mkavu na mboga ya majani iliyopoa kabla haijafika mezani. Ugali wenyewe umeshaota ngozi. Watoto wamevaa sweta za shule ndani ya nyumba. Ukiuliza, "Jamani, supu hamna?" wanakukodolea macho: "Supu? Kwani nani anaumwa?"

Hapo ndipo ninaposonya. Katika nchi hii kupewa supu mpaka uwe na sababu, kama mtu anayeomba ruhusa kazini. Na sababu zinazokubalika ni tatu tu. Uwe ulilewa jana, ili asubuhi uzimue. Au uwe umejifungua, upikiwe mtori mpaka maziwa yatoke. Au uwe umelazwa wodini, uletewe kwenye hotipoti na shangazi. Mtu mzima mwenye afya zake, asiye na bia kichwani wala kichanga mgongoni, anayetetemeka tu kwa baridi, huyo hana haki. Ale ugali wake alale.

Na msinitazame hivyo, nyie wa pikipiki. Nyie ndio wenye kesi. Saa moja asubuhi mmeshajipanga kwa mama wa supu. Sufuria lile kubwa limefunikwa sinia, mvuke unatoka pembeni, bakuli la makongoro, chapati mbili, ndimu nusu, pilipili ya kupondwa. Mnakunywa mpaka pua inatoa jasho. Mfupa mnaugonga kwenye ukingo wa bakuli uboho udondoke, ukigoma mnaufuata kwa mdomo. Mkitoka hapo mmeshiba mpaka saa nane. Nyumbani mke kaachiwa hela ya mchicha. Jioni unaingia, unavua koti, unauliza, "Leo mboga gani?" Mfyuu! Mboga uliinywa asubuhi peke yako, shemeji yangu.

Chalii wa pikipiki nyekundu anajifanya mjuaji. Eti supu ni kitu cha asubuhi, usiku mwanaume anataka kitu kizito cha kukaa tumboni. Kizito? Wewe mtori umewahi kuuona au umeusikia kwa watu? Mtori uliopikwa na mtu anayejua, unasimamisha kijiko katikati ya bakuli, unakiachia, kinasimama. Ndani mna nyama, mna ndizi, mna mafuta, mna maziwa. Ukilala na bakuli mbili za namna hiyo, blanketi unalisukuma kwa miguu saa saba za usiku. Uzito gani mwingine unaoutafuta?

Muulizeni babu muuza kahawa, yeye ni wa Marangu, kule juu ambako baridi ni ya kweli. Atawaambia kwa nini mtori umetoka Uchagani na haukutoka Shinyanga. Kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani la Mchaga, ng'ombe hatoki kwenda kuchungwa. Anafungwa zizini, analetewa majani na magogo ya migomba yaliyokatwakatwa, samadi yake inarudi kwenye migomba, migomba inatoa ndizi. Nyama, maziwa na ndizi vyote viko ndani ya hatua chache kutoka jikoni. Mama wa kule hakuwa anafuata kitabu cha mapishi. Alitazama nje ya mlango akaona sufuria imeshajipanga yenyewe. Ndiyo maana Wachaga wana vyakula vya ndizi vingi hivyo, machalari, kiburu, na kisusio pembeni kwa wale wasioogopa damu ya mbuzi. Sasa wewe umepanga Ngarenaro, soko la Kilombero liko mwendo wa miguu, ndizi zinashuka na Noah kila siku, unaniambia mtori ni chakula cha wazazi!

Babu anacheka tu. Anagonganisha vikombe vyake, anasema kule kwao mzee akiishiwa meno naye anapewa mtori. Haya, tumeongeza sababu ya nne. Uwe kibogoyo.

Wenzetu wa Nairobi wamejaribu kidogo. Mji wao uko karibu mita 1,800 juu ya bahari, Julai yao haina huruma, na jioni utaona watu wamezunguka jiko la mutura, kila mmoja na kikombe cha supu ya moto mkononi. Angalau ni jioni. Lakini bado wanakunywa wima, barabarani, na wengi ni wanaume, wake na watoto wako nyumbani na sukuma wiki. Na huko Pwani ndiyo usiseme. Supu ya pweza inauzwa usiku, sawa, ila muuzaji anaisifia kwa mambo ya chumbani mpaka mtu mwenye mtoto pembeni anaona aibu kuagiza. Supu ya pweza ni tamu. Mwacheni pweza wa watu apumzike na hizo sifa.

Mimi nataka supu ya familia. Ya usiku. Ya mezani, kila mtu na bakuli lake, hata yule mdogo anayemwagia shati.

Sasa tuje kwenye kupika, maana najua mnaogopa hapo. Mnaogopa kwa sababu mmezoea kuona mtu anatupa nyama kwenye maji, anarusha vile vidonge viwili vya mchuzi vya kwenye karatasi, anaita supu. Hayo ni maji ya chumvi yaliyopitiwa na nyama. Geuza karatasi ya kidonge usome: mara nyingi neno la kwanza kabisa ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na wewe umeongeza vidonge juu ya chumvi uliyokwisha kutia kwa mkono. Halafu mguu ukivimba unasema umerogwa.

Ladha ya supu inatoka kwenye mfupa, na mfupa unataka muda. Bucha usiombe steki. Steki ni ya kukaanga. Omba nyama na mfupa: mbavu, shingo, mkia ukibahatika. Ile ngozi, kano na gegedu ambazo mnamwambia muuza nyama azitoe, ndizo zenye kazi. Ukiziacha kwenye moto mdogo kwa masaa, zinalegea na kuyeyuka ndani ya maji. Mwalimu wetu wa fizikia, huyu mstaafu anayewafunga drafti kila jioni, ana majina yake ya kitaalamu, kolajeni na jelatini. Mimi najua dalili. Supu iliyoiva, ukiinywa midomo inanatana. Ukiiacha usiku kucha kwenye baridi hii, asubuhi unakuta imeganda, ukitikisa sufuria inacheza. Iliyobaki maji asubuhi, ujue ulikuwa na haraka.

Mwalimu ana jambo lingine zuri, na leo nitampa sifa yake ingawa kanifunga jana. Anasema Dar maji yanachemka kwenye nyuzi 100, lakini kila ukipanda kama mita 300, kiwango hicho kinashuka karibu nyuzi moja. Arusha mjini tuko kwenye mita 1,400 hivi, kwa hiyo maji yetu yanachemka kwenye nyuzi kama 95. Njombe, karibu mita 2,000, ni kama nyuzi 93. Yanatokota yanaruka, unadhani yana moto wote wa dunia, kumbe ni ya uvuguvugu ukilinganisha na ya Kariakoo. Ndiyo maana maharage yetu hayaivi. Ndiyo maana binamu yako wa Dar akikwambia makongoro masaa matatu, wewe huku ongeza, usije ukamlaumu ng'ombe. Na ajabu ya Mungu ni kwamba kule kwenye baridi kali, kunakotakiwa supu zaidi, ndiko supu inakochelewa.

Hatua yenyewe haina uchawi. Nyama ya mfupa kilo 1, ioshe, itie kwenye maji ya baridi kama lita 3. Ya baridi, nimesema. Washa moto, usimame hapo. Yakikaribia kuchemka utaona povu la kijivu linapanda, zito, linajikusanya ukingoni mwa sufuria. Chukua upawa, liengue. Litapanda tena, liengue tena. Watu wa haraka wanalikoroga lirudi ndani, ndiyo maana supu zao zina rangi ya maji ya kufulia. Povu likishakuwa jeupe na jembamba, punguza moto mpaka uone viputo vinapanda kimoja kimoja. Hapo ndipo unatia kitunguu, punje sita za kitunguu saumu, na tangawizi ya ukubwa wa dole gumba iliyopondwa na maganda yake. Kitunguu mimi nakipasua katikati, nakilaza kwenye kaa la moto upande uliokatwa mpaka kiungue kidogo. Kinatoa rangi ya dhahabu na harufu inayofika kwa jirani. Jirani akibisha hodi hayo ni yako.

Chumvi weka mwishoni. Maji yatapungua, na chumvi haipungui nayo. Ndimu pia, mimi naikamua kwenye bakuli, si sufuriani. Najua wapo wanaotia ndimu mwanzo kabisa eti kuua shombo. Nyama ikinuka shombo, rudini bucha mkagombane huko.

Ndizi sasa. Hapa watu wanaibiwa. Ukienda Tengeru siku ya gulio, mama ana mikungu ya kila aina chini ya mwavuli, na akiona umevaa kidosi atakupa chochote. Mzuzu si ya mtori. Mzuzu ni ya kukaanga, tamu, ngumu, haipondeki ikalainika. Unataka mshare. Ndizi nyembamba, ndefu kiasi, kijani kibichi kabisa. Ikianza kuchungulia njano mwachie mwenyewe, maana sukari imeshaingia, utapata mtori unaojifanya uji wa mtoto. Ndizi kumi au kumi na mbili zinatosha kwa hiyo kilo moja.

Kumenya ni vita na utomvu. Ule utomvu wa ndizi mbichi unaganda kwenye vidole, unageuka mweusi, na sabuni hauisikii. Kabla hujaanza, paka mikono mafuta ya kupikia, na kisu pia. Kata ncha mbili, chora mstari kwa kisu kutoka juu mpaka chini, ingiza dole gumba chini ya ganda ulisukume. Kila ndizi ikitoka, dumbukiza kwenye maji upesi. Ukiiacha kwenye sinia huku unajibu meseji, unarudi unakuta imekuwa rangi ya kutu.

Nyama ikilegea, itoe sufuriani, ichambue kwenye mfupa kwa mkono, iweke pembeni. Mifupa iache iendelee. Chota mchuzi wa kutosha kwenye sufuria nyingine, chemshia ndizi humo mpaka ziwe laini kabisa, halafu chukua mwiko upondee humo humo. Mwiko. Kuna dada mmoja hapa mtaani anatumia blenda. Mfyuu! Blenda inatoa kitu kinachovutika, cha kubandikia mabango ya uchaguzi. Mwiko unaacha vibonge vidogo, na kibonge kimoja cha ndizi kikikutana na ulimi ndiyo raha yenyewe. Ongeza mchuzi taratibu mpaka upate uzito unaoutaka, rudisha nyama, mimina kikombe cha maziwa au kijiko cha samli, acha vitokote kwa moto mdogo dakika kumi na tano, unakoroga, maana mtori ukishika chini unanuka nyumba nzima.

Nyanya? Nani kasema nyanya? Wewe Mangi wa duka, wewe! Mchaga mzima unatia nyanya kwenye mtori! Jamani, tuelewane. Najua mahotelini wanatia nyanya, karoti na hoho, unaletewa bakuli jekundu. Huo mwite mchemsho, nitaula na nitaomba uongezwe. Mtori wa kweli ni mweupe. Ukali wa nyanya unaua ule utamu mdogo wa ndizi na maziwa. Mangi anabisha, anasema mkewe ametia nyanya tangu wameoana na hajawahi kulalamika. Mangi, hujalalamika kwa sababu unaogopa, siyo kwa sababu ya nyanya.

Na tui la nazi? Hilo nakubali, shingo upande. Mama wa Kitanga aliyehamia hapa nyuma anaweka tui badala ya maziwa, na siku alipotuonjesha, hakuna aliyebakiza.

Haya, fundi viatu anauliza swali la maana, tena ndiye pekee aliyeuliza la maana tangu tumekaa: gesi je? Supu ya masaa matatu kwenye mtungi wa kilo 6, mwezi haufiki katikati. Kweli kabisa. Serikali ilitoa mkakati wake wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, inataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034, na mimi moshi wa mkaa siutetei, macho ya mama yangu nayajua. Lakini mkakati haujazi mtungi. Kwa hiyo tumieni akili. Mwenye presha kuka asiiweke kabatini akisubiri wageni. Ndani yake, mvuke ukibanwa, maji yanafika karibu nyuzi 120, kimo cha milima yetu hakina kauli tena, nyama ya mfupa inalainika kwa saa moja hivi. Asiye nayo, achemshe supu dakika kama arobaini, azime, afunike vizuri, azungushie sufuria blanketi zito, aisokomeze kwenye tenga lililojaa nguo kuukuu. Asifungue kuchungulia. Joto litaendelea na kazi masaa mawili matatu bila kula gesi. Kisha airudishe motoni ichemke upya sawasawa kabla ya kuila. Bibi zetu waliacha chungu juu ya mafiga na majivu ya moto usiku kucha, ni hesabu ile ile.

Na asiye na hela ya nyama asijifiche nyuma yangu. Dereva wa lori anayeleta viazi kutoka Njombe, yule pale anakula karanga, aliniambia kwao baridi ya Juni wanaivunja kwa maharage na viazi mviringo. Loweka maharage tangu asubuhi, mwaga maji yale, chemsha kwa mapya na kitunguu na tangawizi. Yakiiva, nusu yake yaponde, nusu yaache mazima, tia viazi vilivyokatwa vidogo, vikilegea tia kijiko cha mafuta na pilipili ya kuwaka. Bucha nyingi zina mifupa mitupu zinayoiuza kwa bei ya huruma. Tumbukiza miwili humo uone. Wageni wakiongezeka, unaongeza maji ya moto na kiazi kimoja. Ugali uliosongwa kwa wanne hauongezeki kwa kikombe cha maji.

Mnanyamaza sasa. Mlikuwa na maneno hapa.

Wewe wa pikipiki nyekundu, usijifanye unatafuta abiria. Mpigie mkeo simu mwambie asisonge ugali leo. Mwambie atenge maji ya baridi sufuriani na amenye kitunguu, ndizi unakuja nazo. Halafu tupitie bucha kabla hawajafunga. Hela nusu kwa nusu, na mimi nakuja kula hapo hapo kwenu, usiniangalie. Ukikuta mkia umebaki, chukua mkia. Ukiwa umeisha, chukua mbavu. Kongoro usiguse, saa kumi na moja hii, labda kama unataka tule kesho.